SANDUKU LA MASWALI: Nani alilipia elimu ya viumbe Marekani katika karne ya 19?

Toleo lililopita tuliandika kuhusu meli 6 ambazo Marekani ilizituma kuzunguka dunia mwaka 1838 chini ya Charles Wilkes, zikiwa na wataalamu wa mimea, wanyama na miamba. Tukataja kwamba Kongresi iliagiza nakala rasmi 100 tu za kila ripoti ya safari hiyo. Barua zilizotufikia tangu hapo haziulizi habari za bahari. Zinauliza habari za pesa. Tumechagua hizi.

Swali: Ndugu Mhariri, kwa nini wataalamu wale walitembeza bakuli ilhali nchi yao ilikuwa na serikali yenye hazina?

Hazina ilikuwepo, kilichokosekana ni kifungu cha sheria. Katiba ya Marekani inataja ulinzi, biashara, posta, hata haki za waandishi na wavumbuzi. Makumbusho haiyataji. Charles Willson Peale, mchoraji aliyefungua makumbusho yake Philadelphia mwaka 1786, alimwandikia Rais Thomas Jefferson akitaka taifa liichukue kazi ile. Jefferson alipenda mifupa ya kale kuliko wanasiasa wote wa wakati wake, lakini jibu lake la Januari 1802 lilikuwa kwamba wengi katika Kongresi wanatilia shaka mamlaka yao ya kutumia fedha za umma kwa jambo kama hilo.

Mwaka mmoja baadaye Jefferson huyohuyo alitaka kumtuma Meriwether Lewis hadi bahari ya magharibi. Tarehe 18 Januari 1803 alipeleka ujumbe wa siri Kongresi, akaomba dola 2,500, na hoja aliyoitanguliza ilikuwa biashara, kwa sababu biashara imo ndani ya Katiba. Mimea, ndege na wanyama waliingia kwa mlango wa nyuma. Gharama ya mwisho ilipita dola 38,000, kwa hiyo wanaodhani kukadiria chini ni ujanja wa siku hizi wafikiri tena.

Peale naye alipata alichoweza kupata. Mwaka 1802 bunge la jimbo la Pennsylvania lilimpa sehemu ya jengo la zamani la serikali bila kodi. Mwaka 1801 alikuwa amekopa dola 500 kwa American Philosophical Society, chama cha wasomi, ili afukue mifupa ya mastodoni, mnyama wa kale aliyefanana na tembo, katika jimbo la New York. Kiingilio cha makumbusho kilikuwa senti 25. Kumwona mastodoni, senti 50 zaidi. Jengo la bure na tiketi mlangoni vilimtosha maadamu yu hai. Ila makumbusho yanayoishi kwa tiketi peke yake huvutwa na kile ambacho umati unataka kukitazama Jumamosi, na kufikia 1850 mkusanyo wake ulikuwa umeuzwa kwa wenye maonyesho ya burudani, P. T. Barnum akiwa mmoja wao.

Swali: Nimesoma kwamba kitabu cha ndege cha Audubon kiliuzwa dola 1,000. Aliwezaje kukichapa, na inasemekana alikuwa amefilisika?

Ni kweli, alifilisika mwaka 1819. Njia aliyoitumia ilikuwa ile ya kuandikisha wanunuzi kabla ya kazi kuwepo. Alexander Wilson alikuwa ameitumia kabla yake: juzuu ya kwanza ya ndege wa Marekani ilitoka mwaka 1808, naye akazunguka nayo mkononi mji hadi mji akitafuta watu wa kutia saini, seti nzima ikiwa dola 120. Wilson alifariki mwaka 1813, juzuu mbili za mwisho zikamaliziwa na George Ord. Jumla zilikuwa 9.

Audubon aliipeleka njia hiyo mbali zaidi. Mnunuzi aliweka jina lake kwenye daftari. Kazi ilimjia kwa mafungu, picha 5 kila fungu, ndani ya sanduku la bati, kwa kawaida mafungu 5 kwa mwaka, naye akalipa kila fungu lilipofika: gini 2 kule Uingereza. Mafungu yote yalikuwa 87, yaani picha 435, na yalichukua miaka kuanzia 1827 hadi 1838. Karatasi zote zilikuwa za kipimo kimoja, takriban sentimita 100 kwa 67, kwa sababu aliapa kumchora kila ndege kwa ukubwa wake halisi. Tazama sasa mpangilio wa fungu: ndege mmoja mkubwa, mmoja wa wastani, na picha 3 za ndege wadogo. Picha za bata mzinga na tai zingetoka zote mwanzoni, miaka ya mwisho ingebaki na shomoro watupu, na nani angelipia? Kwa mpango huu kila sanduku lilifunguliwa na kitu cha kumshangaza mgeni sebuleni.

Udhaifu wake uko kwenye mzunguko wa fedha. Mchonga mabamba ya shaba na wapaka rangi wanalipwa leo. Mnunuzi analipa fungu likifika, au anasahau. Pesa ya fungu la 10 ndiyo inayochapa la 11. Mtu akijitoa kwenye fungu la 40, yeye anabaki na seti kilema, na mwenye kazi anabaki na karatasi zisizouzika popote. Na sababu za kujitoa hazikukosekana. Kila picha ilipakwa rangi kwa mkono, kwa hiyo rangi ikipakwa ovyo mnunuzi aliirudisha. Mwaka 1827 wapaka rangi wa Edinburgh waligoma baada ya picha 10 za kwanza, na kazi ikahamishiwa kwa Robert Havell, London. Kisha ukaja msukosuko wa fedha wa 1837, benki nyingi za Marekani zikafunga milango, na wengi waliojiandikisha huko wakaacha kulipa. Seti kamili zilizowahi kukamilika hazifiki 200.

Kuna jambo dogo la kisheria ambalo waandishi wengi hulipita. Sheria ya Uingereza ya wakati ule ilidai kitabu chenye maandishi kitolewe bure nakala 11 kwa maktaba maalumu. Kwa kitabu cha bei hii hilo lingekuwa pigo. Audubon alitoa picha peke yake bila maandishi, na maelezo ya ndege akayachapa kando, juzuu 5 kati ya 1831 na 1839.

Je, umma ulimsaidia? Ndiyo, kwa namna tatu. Mabunge ya majimbo kama South Carolina na Massachusetts yaliandikisha majina yao, na jina la bunge kwenye daftari lilikuwa chambo kwa matajiri wengine. Mwaka 1837 serikali ilimpa nafasi kwenye meli ya forodha, Campbell, akachunguze ndege wa Ghuba ya Meksiko. Haikumpa fedha taslimu, ilimpa usafiri. Na ya tatu ni umma wenyewe. Kati ya 1840 na 1844 alitoa toleo dogo lililochapwa kwa jiwe, dola 1 kwa fungu, mafungu 100. Walijiandikisha karibu watu 1,200, yaani pato ghafi la takriban dola 120,000 bila gharama za mabamba makubwa ya shaba. Kwa maoni yetu hilo dogo ndilo lililokuwa biashara. Lile kubwa lilikuwa tangazo lake.

Swali: Mabunge ya majimbo yalitoa fedha za kuchunguza miamba kuanzia miaka ya 1820. Maombi yao yaliandikwaje mpaka wakulima na wanasheria wakakubali?

Swali zuri, na hapa tutakaa kidogo, maana huu ndio ulikuwa mlango mkubwa kuliko yote.

Mwanzo ulikuwa mdogo: mwaka 1823 North Carolina ilitenga dola 250 kwa mwaka kwa miaka 4, kazi ikafanywa na Denison Olmsted. Mwaka 1830 Massachusetts ilimpa Edward Hitchcock kazi kama hiyo kwa fungu la kwanza la dola 1,000. Ona alivyopata nafasi. Jimbo lilikuwa tayari limeidhinisha upimaji wa ramani; wazo likawa kwamba maadamu wapimaji wanatembea, mtu wa miamba atembee pia. Ombi linaloning'inia kwenye fungu lililokwisha kupita huwa jepesi kuliko muswada mpya.

Na ripoti yake ilipangwa kwa akili. Sehemu ya kwanza, iliyotoka peke yake mwaka 1832, ilihusu faida: mawe ya kujengea, chokaa, madini, udongo. Toleo kamili la 1833 liliendelea na mandhari ya nchi, kisha sayansi yenyewe, na mwishoni kabisa orodha za wanyama na mimea. Mbunge aliyesoma kurasa za mwanzo aliona fedha zake, na aliyesoma hadi mwisho alikutana na ndege na maua ambayo hakuna aliyeyaombea kura. Orodha hizo zilionyesha jinsi maarifa yalivyokuwa machache, na mwaka 1837 jimbo likaidhinisha uchunguzi wa wanyama na mimea pekee. Matunda yake mojawapo ni ripoti ya T. W. Harris ya 1841 kuhusu wadudu waharibifu wa mazao, ambayo mkulima hakuhitaji kushawishiwa aisome.

New York ilifanya kwa kishindo: sheria ya Aprili 1836 ilitenga dola 26,000 kwa mwaka kwa miaka 4. Jimbo liligawanywa kanda 4 za jiolojia, kila moja na mkuu wake, na wataalamu wengine wakapewa mimea, wanyama, madini na visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyomo miambani. Kugawa kanda kulikuwa na maana mbili. Kazi ilikwenda haraka, na kila mbunge aliweza kuwaambia watu wake kwamba mtaalamu anapita kwao pia. Kila mwaka ripoti ilifika bungeni. Vielelezo vilipangwa makabatini Albany, mji mkuu, mahali ambapo wabunge wangevikuta.

Kilichowavuta wengi ni makaa ya mawe. Pennsylvania ilikuwa nayo, New York ikatamani. Watu walikuwa wakichimba kwenye miamba laini myeusi ya tabaka, wakidhani weusi ule ni dalili. Visukuku vikasema vingine: tabaka za New York ni za kale kuliko zile zenye makaa, ziko chini yake, kwa hiyo anayechimba pale anazidi kuyaacha makaa juu, na juu palikwisha kumomonyoka zamani. Jibu lilikuwa hapana. Unaweza kudhani bunge lingekasirika, lakini hapana ya namna hii iliokoa fedha za wachimbaji, na wataalamu walijua kuieleza hivyo. James Hall, aliyepewa kanda ya magharibi, baadaye alikabidhiwa visukuku, akawa bingwa wa kuomba nyongeza. Mradi wa miaka 4 ukazaa mfululizo wa juzuu uliotoka kati ya 1847 na 1894.

Swali: Kwa nini basi miradi mingi kama hiyo ilikatwa katikati?

Sababu ya kwanza haikuwa kosa la mtu: madeni ya majimbo baada ya 1837. Ohio ilianza mwaka huohuo na ikaacha baada ya ripoti 2 za mwaka. Virginia ilisimama 1842. Pennsylvania ilisimamisha kazi ya Henry Darwin Rogers mwaka huohuo wa 1842, na ripoti ya mwisho ikatoka 1858, miaka 16 baadaye. Hapa pana kosa lililorudiwa kila mahali. Fedha ziliombwa za kutembea porini, hazikuombwa za kuandika, kuchonga picha na kuchapa. Uchapaji ndio uliokuwa ghali, na ulikuja wakati shauku imepoa.

Sababu ya pili ilikuwa ya kujitakia, na mfano wake ni California. Mwaka 1860 bunge lilimteua Josiah Whitney afanye uchunguzi sahihi na kamili wa jiolojia ya jimbo. Wabunge waliposikia jiolojia walisikia dhahabu. Juzuu ya kwanza kutoka, mwaka 1864, ilikuwa ya visukuku. Kitaalamu Whitney alikuwa sahihi, kwani huwezi kupanga umri wa tabaka bila visukuku. Kisiasa ilikuwa kama kumpelekea mwenye njaa mbegu. Alifanya kinyume kabisa cha Hitchcock, na juu ya hayo hakuwa na subira na watu wasiojua. Fedha zilikatwa 1868, na mwaka 1874 mradi ukafutwa rasmi.

Swali: Mlisema nakala 100 tu. Ni ubahili, au kulikuwa na sababu? Na vielelezo vya Wilkes vilihifadhiwa wapi?

Kongresi ilitaka vitabu vya fahari, vya kupewa mataifa na majimbo. Haikuwafikiria wasomaji. Waandishi kama James Dwight Dana waliruhusiwa kuchapa nakala za ziada kwa herufi zilezile zilizokwisha kupangwa, kwa gharama zao, na nakala hizo ndizo zilizofika mikononi mwa wataalamu.

Vielelezo vilipata taabu zaidi. Meli ziliondoka Agosti 1838 na kurudi 1842, na muda wote huo masanduku yalikuwa yakitumwa nyumbani kwenye nchi isiyo na makumbusho ya taifa. Yaliishia kwenye ukumbi wa jengo la Ofisi ya Hataza, inayosajili uvumbuzi, Washington, chini ya watu wenye nia njema wasioijua kazi. Masanduku yalifunguliwa kabla wakusanyaji hawajarudi. Namba za baadhi ya konokono na chaza ziliondolewa kwenye chupa zao, na kielelezo kisicho na namba hakielezi tena kilitoka kisiwa gani wala kina gani cha bahari. Tangu hapo kilibaki pambo.

Swali: Fedha za Smithson zilikuwa za Mwingereza. Ziliingiaje katika makumbusho ya Marekani?

James Smithson alifariki 1829 akiwa ameusia mali yake kwa mpwa wake, na mpwa akifa bila mrithi, kwa Marekani, ili pajengwe taasisi ya kukuza na kueneza maarifa Washington. Mpwa alifariki 1835. Richard Rush alitumwa London kuzidai mahakamani, akarudi 1838 na sarafu za dhahabu 104,960, zikayeyushwa na kugongwa upya: dola 508,318.46. Kisha hazina ikanunua nazo hatifungani, yaani hati za mkopo, nyingi za jimbo la Arkansas, ambalo likashindwa kulipa. John Quincy Adams, rais wa zamani aliyekuwa sasa mbunge, alipigana miaka mingi mpaka ikakubalika kwamba taifa lenyewe linadaiwa. Sheria ya kuanzisha taasisi hiyo, Smithsonian, ilipitishwa tarehe 10 Agosti 1846.

Sasa ugomvi. Joseph Henry, katibu wa kwanza, hakutaka makumbusho. Aliona kwamba jumba la vielelezo lina tumbo lisiloshiba: litakula riba yote, ambayo ilikuwa karibu dola 30,000 kwa mwaka, na utafiti ufe njaa. Msaidizi wake kuanzia 1850, Spencer Fullerton Baird, alitaka makumbusho hasa, na alikuja na mkusanyo wake uliojaza mabehewa mawili. Suluhu ilipatikana 1858: Kongresi ikaanza kutoa dola 4,000 kwa mwaka kwa ajili ya kutunza vielelezo vya taifa. Baird alikuwa amejua tangu mwanzo kwamba mkusanyo ukishakuwa mkubwa mno, hakuna bunge litakalothubutu kuutupa.

Swali: Je, wasio na pesa waliweza kuchangia?

Sana, na Baird ndiye aliyewapanga. Aliwaandikia maofisa wa jeshi, madaktari wa ngome, wapimaji wa reli na walimu wa vijijini, akawatumia mwongozo uliochapwa, spiriti na mapipa. Mwongozo ulitaka kila kielelezo kiwe na mahali, tarehe na jinsia. Ngozi za ndege zipakwe arseniki upande wa ndani dhidi ya wadudu. Samaki na nyoka wapasuliwe tumbo kidogo ili spiriti iingie, la sivyo huoza kuanzia ndani huku nje wakionekana wazima. Na kwa kuwa spiriti ilisafiri na askari wenye kiu, mwongozo ulishauri itiwe dawa ya kutapisha. Hilo halikuwa mzaha. Pipa lililonywewa lilimaanisha nyoka waliooza.

Malipo yao yalikuwa barua za shukrani, vitabu, jina kwenye ripoti, wakati mwingine jina la spishi. Usafirishaji ulibebwa mara nyingi na jeshi au na kampuni za usafiri.

Swali: Louis Agassiz anasifiwa kwa kupata fedha kuliko wote. Siri yake?

Ulimi. Mswisi huyu alifika 1846 kuhutubia katika Lowell Institute ya Boston, ambako wasia wa tajiri mmoja ulilipia mihadhara ya bure kwa umma. Alichora samaki ubaoni huku akizungumza, na ukumbi ukamkubali. Mwaka 1855 alitangaza kitabu cha juzuu 10, dola 12 kila moja, wakajiandikisha watu zaidi ya 2,500. Lakini walichoandikia sahihi na walichopokea vilikuwa vitu viwili: ya kwanza ilikuwa na insha ndefu ya uainishaji na uchambuzi wa kasa. Zilitoka juzuu 4 tu, ya mwisho 1862.

Kwa jumba lake la Harvard alifunga mafundo matatu pamoja. Wasia wa Francis Calley Gray ulitoa dola 50,000 kwa mkusanyo. Bunge la Massachusetts mwaka 1859 likatoa hadi dola 100,000 kutokana na mauzo ya ardhi ya Back Bay, eneo la maji lililokuwa likifukiwa Boston, kwa hiyo hakuna mlipakodi aliyeguswa. Watu binafsi wakachanga dola 71,000 na ushei. Kila mmoja alikuwa na kisingizio cha kutotoa mpaka alipoona mwingine ametoa. Baada ya hapo Agassiz aliwaalika wabunge jumbani na kuwatembeza mwenyewe.

Tusimpambe kupita kiasi: alifundisha pia kwamba watu wa rangi mbalimbali waliumbwa mbalimbali, na watetezi wa utumwa waliitumia hoja hiyo kwa furaha.

Swali: Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe serikali kuu ilitoa zaidi. Kwa nini?

Kwa sababu wanaoomba walijifunza kuanza na hasara. Samaki wa pwani ya kusini ya New England walipungua. Wavuvi wa ndoano wakawalaumu wenye mitego, wenye mitego wakakana, na tume za majimbo mawili zikatoa majibu yanayopingana. Baird akaomba Kongresi ipeleleze. Azimio la Februari 1871 liliunda kazi ya kamishna wa samaki ambaye lazima awe mtumishi wa serikali asiyeongezewa mshahara. Hapakuwa na mwingine mwenye sifa hizo ila yeye. Fungu la kwanza lilikuwa dola 5,000. Kiangazi hicho pale Woods Hole wataalamu walichunguza samaki pamoja na minyoo, kaa na konokono wanaoliwa na samaki, na ripoti ikawa ya viumbe karibu wote wa ile bahari.

Nzige wa Milima ya Rocky walipofagia mashamba kati ya 1874 na 1877, magavana walikutana Omaha wakaomba msaada, na Kongresi ikatoa dola 18,000 kwa tume ya wataalamu 3 wa wadudu. Ndege nao walipata zamu: mwaka 1885 chama cha wataalamu wa ndege kilipata dola 5,000 kwa hoja kwamba mkulima anahitaji kujua ndege yupi anakula wadudu na yupi anakula nafaka. Jibu linapatikana kwa kupasua matumbo mengi mno, na kwa kufanya hivyo ramani za ndege wa nchi nzima zilichorwa.

Swali: Picha zilisaidia?

Mfano mmoja unatosha. Ferdinand Hayden alipewa dola 40,000 mwaka 1871 kuchunguza Yellowstone. Alimchukua mpigapicha William Henry Jackson. Mchoraji Thomas Moran akaungana nao, gharama zake zikibebwa na watu wenye maslahi katika reli na magazeti. Picha ziliwekwa mbele ya wabunge, na tarehe 1 Machi 1872 sheria ya hifadhi ikatiwa sahihi. Kongresi ikanunua mchoro wa Moran kwa dola 10,000, mara nne ya ilichompa Lewis aanze safari.

Swali: Wanawake je?

Walikusanya mno na kulipwa kidogo. Martha Maxwell aliwinda na kuwatengeneza mwenyewe wanyama wa Colorado, akafungua makumbusho Boulder 1874, akayahamishia Denver, kisha akaliwakilisha jimbo kwenye maonyesho ya Philadelphia 1876, chini ya kibao kilichosema hii ni kazi ya mwanamke. Umati ulikuwa mkubwa. Robert Ridgway wa Smithsonian alimpa bundi mmoja jina lake. Maxwell alifariki 1881, akiwa bado anatafuta riziki kwa mkusanyo ule.

Swali: Nimekutana na maneno "ndege wenye meno" katika habari za siasa za Marekani za 1892. Ni nini?

Ni kitabu cha O. C. Marsh wa Yale kuhusu ndege wa kale wenye meno, waliofukuliwa zaidi Kansas. Mwaka 1892 Kongresi ilikuwa ikitafuta pa kupunguza matumizi, na mbunge Hilary Herbert wa Alabama alikitumia kuwachekesha wenzake: hivi ndivyo kodi zinavyotumika. Utetezi ulikuwepo, kwamba meno yale ni ushahidi mzito wa uhusiano wa ndege na reptilia, lakini hoja ya dakika kumi haishindi kicheko. Fedha za idara ya jiolojia iliyoongozwa na John Wesley Powell zikakatwa vibaya, Marsh, aliyekuwa mtaalamu wa visukuku wa idara hiyo, akaambiwa kwa telegramu ajiuzulu, na Powell mwenyewe akaondoka 1894. Kitabu kilichosababisha kicheko kilikuwa kimechapwa mwaka 1880, na wala si na idara ya Powell. Kilitolewa na uchunguzi wa Clarence King, uliokuwa chini ya jeshi.